Neno Lililoinama

Neno likipita kinywani mwako, wewe hukulizaa wala hukulipenda, likaenda kumuua mtu aliye mbali, aliyeua ni nani? Swali hili lilimkaa Sikitu kooni miaka ishirini na mmoja kama mwiba wa samaki, haliendi mbele wala halirudi nyuma. Nakwambia mapema, ndugu msomaji, usije ukasoma huku roho iko juu: mwisho wake watu walipumua. Hata Mfalme alipumua, na yeye ndiye aliyekuwa na haja ya pumzi kuliko wote. Wapo wanaosimulia kwamba mnara ulianguka kwa radi, wengine kwa tetemeko. Hao hawakuwapo, au walikuwapo wakaona haya kusema jinsi mambo yalivyokwisha hasa. Yalikwisha kwa mwanamke mmoja kuinama, na kabla hajainama alifikiri sana, na kufikiri kwenyewe ndiko ninakotaka kukusimulia.

Mnara wa Mfalme Nimrodi ulikuwa na vituo mia moja na arobaini na vinne, kimoja juu ya kingine, na katika kila kituo alikaa mtu mmoja aliyeitwa Kinywa. Mfalme aliishi kileleni, wajenzi wakimsogezea kilele juu zaidi kila siku. Na kwa kuwa hakuna sauti ya binadamu iwezayo kutoka mawinguni ikafika ardhini, amri zake zilishushwa kwa kupokezana. Kinywa wa juu alimwambia wa chini yake, naye akamwambia wa chini yake, kupitia tundu lenye upana wa sahani lililotobolewa kwenye kila sakafu. Sheria ilitaka neno likae kwa Kinywa mpaka kivuli kisogee upana wa tofali moja, lipoe, ndipo lishushwe. Kwa hiyo neno la Mfalme lilichukua siku tisa kufika chini. Sikitu alikuwa Kinywa wa Sabini na Mbili, katikati barabara, mahali ambapo ukitazama juu huoni mwisho na ukitazama chini huoni mwanzo. Walimchukua akiwa na miaka kumi na minne kwa ajili ya sauti yake nyoofu. Tangu hapo binadamu aliowaona kila siku walikuwa wawili, na hata hao aliwaona vipande vipande: kwenye tundu la darini, midomo ya mwanamke asiyemjua jina, kwenye tundu la sakafuni, upara wa mzee Lameki, Kinywa wa Sabini na Moja. Alimpenda mno mzee yule. Hakuwahi kuiona pua yake.

Hebu fikiri maisha ya namna hiyo. Neno linapokufikia katikati ya mnara lina umri wa siku nne na nusu. Mfalme unayemtii leo si wa leo. Wa leo huenda ameghairi. Huenda amekufa, wakazika, wakalia, wakaondoa matanga, na wewe bado unatetemeka mbele ya marehemu. Wewe nawe, kwa watu wa chini, ni mtu wa siku nne na nusu zilizopita. Wanachokisikia ni sauti ya Sikitu ambaye ameshalala na kuamka mara nne tangu aseme. Yupo wapi basi Sikitu mwenyewe? Kuna siku alikohoa bila mafua wala vumbi, na kabla hajafuta mdomo kikohozi cha Mfalme kikamfikia kutoka juu, kilekile, chenye mkwaruzo uleule mwishoni. Nani alimwambukiza nani? Alikaa siku nzima akijipapasa koo, hana hakika kama ni lake.

Maana sheria ilikuwa hiyo: chochote kitokacho kinywani mwa Mfalme kishushwe kama kilivyo. Mwaka mmoja Mfalme alipiga chafya. Ikashushwa. Vinywa vyote vikapiga chafya kwa zamu, kwa adabu, na ilipofika chini siku ya tisa wachoma matofali elfu kumi wakapiga chafya kwa pamoja, matanuri mawili yakazimika. Hakuna aliyecheka, kwa kuwa kicheko hakikuwa kimetoka juu.

Ilikuwapo na sheria nyingine, mama wa zote: neno moja, maana moja. Mfalme aliamini kwamba watu wakiwa na neno lenye maana mbili, mmoja atakwenda huku na mwenzake kule, na mnara utapinda. Akawaweka Wapogoaji, watu wakavu wenye vidole vya wino, wakakaa miaka saba wakiyapogoa maneno kama mtu anavyopogoa mti. Kaa likaachiwa kuketi tu. Kaa wa matopeni wakabaki bila jina, na baada ya muda hakuna aliyekiri kuwaona, ingawa waliendelea kubana vidole vya watu. Paa likaachiwa kwenda juu, nyumba zikakosa cha kuzifunika. Mbuzi likaachiwa mnyama, na wanawake wakawa wanakuna nazi kimyakimya wamekalia kitu kisichotajika. Ua nalo liliachiwa maana moja, sitaki kukwambia ipi. Nitasema tu kwamba mama yake Sikitu aliitwa Maua, na watu wakaanza kuogopa kumwita.

Na panda likaachiwa kukwea. Nani angebisha? Mnara mzima ulisimama juu ya neno hilo. Ile panda nyingine, ya kuinama na kufukia mbegu, ilipogolewa siku ya kwanza kabla ya chakula cha mchana. Kulima hakukukatazwa, kulikosa jina tu. Kisicho na jina hakiagizwi, na kisichoagizwa hakifanywi, hivyo chakula kikawa kinaletwa kutoka nchi zilizotekwa, na jembe likawa chuma cha kukorogea lami.

Ikaja siku yenyewe. Kule juu, kadiri mnara ulivyorefuka ndivyo hewa ilivyopungua, na pumzi za Mfalme zilikuwa zimefikia neno moja kwa siku. Maelezo ya neno yaliletwa na Arfaksadi, Mfafanuzi, aliyeshushwa kwa kapu na kamba, akisimama kwenye dirisha la kila kituo kabla neno halijafika; ardhini hakufika, watu wa huko walipewa neno tupu.

"Udongo wa mfinyanzi umekwisha," Arfaksadi alisema, bado ananing'inia. "Mashimo yetu yote yamefika mwamba. Na mnara haujafika."

Sikitu hakuuliza haujafika wapi. Hakuna aliyewahi kuuliza.

"Sasa matofali yatatoka chini," aliendelea. "Watu wote walioko ardhini watapanda, na kila apandaye atang'oa ngazi aliyoikanyaga, aje nayo. Miguu ya mnara itakuwa kichwa chake. Neno la Mfalme litakufikia leo. Ni moja tu."

"Na asiyeweza kupanda, bwana mkubwa?"

"Atabaki."

"Mnara hautamwangukia?"

Arfaksadi alifikiri. Alikuwa mtu mwema kwa kipimo cha kule, hakupenda kusema uongo. "Utamwangukia," alisema. "Lakini utakuwa umeshakuwa mrefu."

Kapu likashuka. Sikitu akabaki ameshika ukingo wa dirisha.

Unapaswa kujua kuhusu Maua. Miaka yote hiyo salamu za mama zilimfikia binti yake kwa wizi, zikipanda kinywa kwa kinywa katikati ya majibu rasmi: matofali elfu nne yamechomwa, Maua anasalimia, lami imepungua. Vinywa sabini na kimoja vya chini vilimjua Maua bila kumwona; walijua amefiwa na mume, walijua anatafuna tangawizi kwa ajili ya meno, walijua alikwenda kuishi nyuma ya tanuri la mwisho ili watu wasihangaike na jina lake. Salamu ya karibuni, ya mwezi ule ule, ilisema: Maua anasalimia, magoti hayamsikii tena, anakwenda kwa kutambaa.

Midomo ya darini ikafunguka. "Pandeni," ikasema.

Kivuli kikaanza kusogea juu ya tofali.

Nisiposema, Sikitu aliwaza, watanitupa dirishani. Wataweka mwingine. Mwingine atasema.

Nikisema jingine. Herufi moja tu. Arfaksadi atapita kinywa kwa kinywa, atalinganisha, atajua limepindia wapi. Watanitupa. Neno litasahihishwa. Mama atakuwa amepata siku mbili. Siku mbili atazifanyia nini mtu anayetambaa?

Nikisema. Neno si langu, ni la Mfalme. Lakini ulimi ni wangu. Mate ni yangu. Nitalilowesha kwa mate yangu mwenyewe kabla halijatoka.

Nusu ya tofali.

Nani alikohoa siku ile, mimi au yeye?

Mama aliponituma. Nilikuwa na miaka mingapi, mitano? Alinipa mche wa mpapai umefungwa kwenye jani, akaniambia, nenda kapande mti. Nikaenda. Nikakwea mwarobaini wa jirani na mche wangu mkononi, nikakaa huko juu nikingoja nione nini kitafuata. Mama alinikuta hapo. Alicheka mpaka akakaa chini mavumbini. Mwanangu, alisema, si hiyo, ni ile nyingine. Akanishusha, akaniinamisha kwa mkono wake mgongoni. Hivi. Ukitaka hii unainama.

Kivuli kikafika ukingoni mwa tofali.

Sheria ya Vinywa ilitaka mtu asimame wima, kidevu juu, neno lishuke lenyewe kwa uzito wake. Juu ya namna ya mgongo haikusema kitu, kwani hao walioitunga hawakufikiri kwamba kuna mtu angependa kuinama katika mnara. Sikitu akapiga magoti. Akainama mpaka paji la uso likakaribia tundu, kifua kimebanwa na mapaja, na kwa sauti ya mtu aliyeinama, ambayo ukiisikia mara moja huisahau kwa kuwa inatoka tumboni na ina uchovu mtamu ndani yake, akasema, "Pandeni." Herufi zote saba, hakuongeza, hakupunguza. Kisha akabandua chembe tatu za udongo mkavu ukutani, akazidondosha tunduni, moja, moja, moja.

Zikatua juu ya upara wa mzee Lameki.

Mzee hakulipokea neno kwa kuitikia kama kawaida. Mkono wake ukapanda polepole ukazipapasa zile chembe, ukazihesabu kwa kidole. Halafu akafanya jambo ambalo hakulifanya miaka ishirini na mmoja: akainua uso. Alikuwa na pua pana, nzuri, iliyovunjika kidogo kwa upande.

"Mwanangu," akanong'ona, "umesemaje?"

"Nimesema alivyosema Mfalme, baba."

"Zimeanguka ngapi?"

"Tatu."

Macho yake yakajaa maji. "Moja ya ndege," alisema.

"Moja ya mchwa," Sikitu akasema.

"Na moja ya mwenyewe." Mzee akajifuta pua kwa kiganja. "Mimi nilikuwa mtu wa mtama, mwanangu. Kabla ya haya. Nilikuwa na shimo baada ya shimo mpaka mtoni, mbegu tatu kila shimo. Nilidhani niliota." Akatazama ukuta wake, akiutafuta udongo mkavu, na kivuli chake cha tofali kilipotimia, Sikitu alimwona akikunja mgongo kwa shida, mifupa ikilia, akaliinamisha neno kwa aliyekuwa chini yake.

Siku tisa za kungoja. Neno linashuka, jibu linapanda. Siku ya kwanza Sikitu hakula. Siku ya pili alikula kwa sababu kufa njaa ukingoja kuuawa ni kazi ya bure. Siku ya tano, kwa hesabu yake, neno lilikuwa limefika chini, na alikaa ameegemeza kiganja kwenye sakafu akisikiliza kama mnara unatikisika. Haukutikisika. Akajiambia labda bado. Siku ya saba alijuta, siku ya nane alijuta kujuta. Siku ya tisa, jua likiwa limepanda mikuki miwili, upara ukasogea chini ya tundu na sauti ya mzee Lameki ikaja, nzito kwa furaha iliyobanwa:

"Jibu kutoka ardhini. Tumepanda. Maua anasalimia, mikono imechafuka."

Sikitu akalala chali sakafuni. Hakulia kwanza, alihisi mbavu zake zikiachana, kama mtu aliyefunguliwa kanga iliyofungwa kwa nguvu mno. Hewa ikaingia mahali ambapo haikuwa imeingia tangu utotoni. Mama yuko hai. Hakuna ngazi iliyong'olewa. Alilala hivyo mpaka kivuli kikapita tofali, ikabidi arukie tundu la juu kwa haraka. "Tumepanda," akaiambia ile midomo, kavu, rasmi, na salamu za mama akazibakiza kwake.

Kileleni, watu walijipanga ngazini kupokea wageni na matofali. Hakuja mtu. Mfalme akangoja, kisha akatumia pumzi ya siku yake yote kwa neno, "Wapi?" Likashuka siku tisa. Jibu likapanda siku tisa: "Shambani." Hakuna aliyelielewa. Wapogoaji waliitwa, wakafungua vitabu vyao, wakakuta mahali pa neno hilo pamekatwa kwa wembe, tena na wao wenyewe.

Arfaksadi akashushwa tena na kapu lake. Alipofika dirishani kwa Sikitu alikuwa amechoka, sauti imemkauka.

"Ulipokea nini?"

"Pandeni, bwana mkubwa."

"Ukatoa nini?"

"Pandeni."

"Tamka nilisikie."

Sikitu akasimama wima, kidevu juu, akatamka. Arfaksadi akahesabu herufi kwenye vidole. "Ziko zote," alisema, na uso wake ukapata hofu ya mtu aliyehesabu mbuzi wake, akawakuta wametimia, lakini zizi liko tupu. Akasogeza kapu karibu na dirisha. "Shamba," alisema kwa kunong'ona, "mimi nilipata kulijua. Nikilisikia nasikia harufu. Wewe unalikumbuka?"

"Bwana mkubwa, kuuliza si ujinga."

Hilo lilikuwa kosa kubwa kusemwa mnarani, na wote wawili walilijua. Arfaksadi akavuta kamba mara moja, ishara ya kushushwa. Hakurudi juu na taarifa. Walimngoja kileleni siku nyingi, wakavuta kapu, likaja bila mtu, limejaa majani ya kunde.

Hapo ndipo Mfalme aliposhuka mwenyewe. Wahenga wanasema aliye juu mngoje chini, lakini hawakusema umngoje kwa muda gani, na kupanda mchongoma kushuka ndio ngoma. Alishuka akiwa peke yake, kwa makalio kwenye ngazi mbaya na kwa miguu kwenye nzuri. Na kadiri alivyoshuka, hewa ikawa nzito na pumzi zikamrudia. Kituo cha mia na ishirini aliweza maneno mawili. Kituo cha tisini, matano. Alipoingia kwa Sikitu alikuwa na sentensi nzima kifuani na hakujua aifanyie nini.

Alikuwa mzee mdogo. Sikitu, aliyemtetemekea tangu usichana, alishangaa kuona masikio yake yana nywele kama ya mjomba wa mtu yeyote.

"Mama," Mfalme alisema, "kama una maji, naomba maji ya kunywa."

Akampa kata. Aliishika kwa mikono miwili, akayatazama maji kwa woga, akanywa kama mtu anayemeza dawa.

"Nilijenga kwa ajili ya haya," alisema, akimrudishia kata. "Ukoo wetu ulipona gharika. Nilikua nikisimuliwa hiyo tu, asubuhi na jioni: maji yalipanda, maji yalipanda. Nikasema, basi, yakipanda, mimi nitapanda zaidi. Sijawahi kulala kitandani nikajinyoosha, mama. Nalala nimekunja miguu isiloane." Alikaa kwenye sakafu, mgongo ukutani. "Nimetoa neno moja. Limeondoka kwangu likiwa langu, limefika likiwa la watu wengine. Na herufi zote ziko. Hili ndilo lililonishusha. Sikuja kuadhibu, nina swali tu. Neno likitoka kinywani mwangu, ni la nani?"

Sikitu aliliona swali lake mwenyewe limevaa nywele nyeupe. Aliogopa, nikwambie kweli. Ungeogopa hata wewe. Dirisha lilikuwa palepale. Lakini mbavu zake zilikuwa zimeshaachana, na mtu aliyekwisha kupumua vizuri ni vigumu kumrudisha.

"Ni mimi niliyeinama," alisema. "Neno nililiacha kama ulivyolitoa. Mgongo ndio wangu. Mama yangu yuko chini, hana magoti. Nililisema nimeinama, nikadondosha chembe tatu za udongo."

"Chembe tatu."

"Mbegu, Mfalme. Panda ilikuwa na pacha wake. Ya kukwea, na ya kufukia mbegu ardhini ili ziote. Mlimpogoa mmoja."

Midomo ya Mfalme ikatikisika, ikilijaribu neno, kwanza kidevu kikiwa juu, kisha kidevu kikiwa chini. Akalisema mara nne au tano. "Kwa hiyo mimi," alisema polepole, "niliwaambia watu wangu wapande. Na watu wangu wakapanda."

"Ndiyo, Mfalme."

"Wakanitii."

"Wote."

Kitu kikamtoka Mfalme kifuani. Kilianza kama kikohozi, kikageuka njiani, kikatoka kicheko, kikavu, chenye kutu, cha mtu ambaye hajakitumia tangu enzi za jandoni. Aliushika ukuta. Alicheka mpaka taji likamwangukia puani. Na Sikitu, kwa mazoea ya miaka ishirini na mmoja, kabla hajafikiri, akarukia tundu akakishusha kama kilivyo. Mzee Lameki akakipokea. Hakungoja kivuli. Wa Sabini akakipokea, wa Sitini na Tisa akakipokea, na kwa mara ya kwanza jambo lililotoka kinywani mwa Mfalme halikuchukua siku tisa. Lilishuka ngazi likikimbia, likikua, na baada ya muda mfupi mnara wote wa chini ukawa unacheka, vinywa sabini na viwili, kila mmoja kwa sauti yake mwenyewe. Sikitu alisikia tofauti zao. Hakuwa amewahi kujua kwamba wa Hamsini na Tatu ni mwanamke.

Wakashuka pamoja. Ngazi zilijaa Vinywa waliotoka vituoni mwao, wakitazamana nyuso, wakigusana pua. Mzee Lameki alimshika Mfalme mkono kwenye kona mbaya, akamwambia, "Polepole, ndugu yangu, mpanda ngazi hushuka," na Mfalme hakuona kama ametukanwa. Walichukua siku ngapi, hakuna aliyehesabu. Chini huku siku zilikuwa zimekwenda mbio bila kungoja neno la mtu, na walipotoka mlangoni mtama ulikuwa kiunoni.

Simulizi za zamani zinasema kwamba ndimi zilichafuliwa pale mnarani kama adhabu. Waliosimulia hivyo walikuwa watu wa juu. Aliyekuwa chini aliona vingine. Neno moja lilipopata pacha wake, maneno mengine nayo yakataka ya kwao, yakachipua hovyo kama magugu baada ya mvua. Watu wa mashimo ya mtama walikuwa wakiitana kwa namna moja, wa matuta ya kunde kwa nyingine, na waliokwenda ng'ambo ya mto walikuwa na matamshi ya puani ambayo kila mtu aliyacheka na kila mtu aliyaiga. Mtu akisema jambo, mwenzake anamwuliza, una maana gani? Na yule anakaa chini amweleze, na hapo wanakuwa wamekaa pamoja. Sikitu alipita katikati yao akielewa nusu. Kila neno asilolielewa lilimpunguzia mzigo, kwa sababu hakupaswa kulibeba kwenda popote.

Mfalme alisita kwenye ngazi ya mwisho. Alishusha kidole cha mguu akaipima ardhi kama mtu anavyopima maji ya kuoga. Mwanamke aliyekuwa akitambaa kwenye mistari ya mtama, mgongo ukiwa umewageukia, alisikia hatua zake, akanyoosha mkono nyuma bila kutazama, akamtia mbegu kiganjani.

"Mzee, unasimama bure. Panda."

Mfalme akainua mguu, akatafuta ngazi ya kukanyaga. Hapakuwa na kitu. Mguu ukabaki hewani, na watu waliokuwa karibu wakaangua kicheko, naye akautazama mguu wake mwenyewe, akaushusha taratibu juu ya udongo mkavu, wa pili ukafuata. Akasimama hapo. Kisha akakaa, akajilaza kati ya mistari miwili, na akanyoosha miguu yote miwili mpaka mwisho.

Mwanamke akageuka kuona ni mzembe gani huyo anayelala kazini, na nyuma ya mzembe akamwona Sikitu.

Hakupiga kelele. Alimtazama kuanzia juu hadi chini, mikono imejaa tope mpaka kwenye viwiko, tangawizi shavuni.

"Wewe!" Maua akasema. "Umekuwa lunde kabisa!"

"Lunde ni nini, mama?"

"Ala! Hiyo ndiyo salamu? Wamekufundisha kusema huko juu miaka yote, kuamkia hawajakufundisha?"

Sikitu akapiga magoti kwenye udongo. "Shikamoo, mama."

"Marahaba." Mkono wenye tope ukamkamata shingo ukamvuta, ukakaa hapo, hautaki kutoka. "Marahaba, mwanangu. Na hiyo shingo, walikuwa wanakulisha nini, vumbi? Na mgeni umemwacha alale juani bila hata mkeka!" Akaendelea hivyo, nywele zimefanyaje, viatu viko wapi, akitupa katikati maneno ya kule nyuma ya tanuri ambayo Sikitu hakupata kuyasikia, moja baya kuliko jingine kwa jinsi lilivyotamkwa. Aligombeza mpaka jua likawa utosini. Sikitu alipigiwa kelele kwa lugha asiyoijua, akalia, akacheka, na moyoni akawa anaomba mama yake asimalize.